Tope la delta lipimwe sasa hivi, sio tusubiri mpaka kamba waanze kufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu ila naomba usiikate sana, maana ukiikata yatabaki malalamiko tu na malalamiko mnayo ya kutosha hapo ofisini.

Mi ni mchuuzi wa kamba na kaa. Nimezaliwa delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, sasa hivi naishi Mbagala na maisha yangu ni Nyamisati, Mbagala, Feri, tenga na barafu. Juzi asubuhi nimepanda daladala na ndoo zangu, watu wameshanuna kwa harufu kama kawaida, jamaa mmoja anasoma kwenye simu kwa sauti habari za ule mgodi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo, ajira zitakuja, dola zitakuja, na nini na nini. Mama mmoja kiti cha nyuma akauliza, sasa hayo maji machafu yake yataenda wapi? Jamaa hata hakufikiri, akamjibu, "Mama, hiyo iko Ruvuma huko, sisi wa Pwani inatuhusu nini?" Watu wakacheka, gari ikaendelea. Mi nikashuka Feri lakini lile neno halijanishuka mpaka leo.

Inatuhusu nini. Haya, chukua ramani. Maji ya Mkuju yanaishia mto Luwegu, Luwegu inakutana na Kilombero, na pale wanapokutana ndo Rufiji inazaliwa. Halafu unashuka nayo, unapita bwawa la Nyerere, unapita Utete, mto unaanza kugawanyika vidole vidole mpaka unaingia baharini unatazamana na Mafia. Hivyo vidole ndo kwetu. Kuna mikoko hekta 50,000 na ushee, hakuna msitu wa mikoko wa kipande kimoja mkubwa kama huo Afrika Mashariki yote, na toka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia. Kamba anayeliwa hotelini Masaki kwa bei ya kulia machozi amekulia kwenye mizizi ya mikoko ile akiwa mdogo kama uduvi, ndo akatoka kwenda bahari kubwa. Kwa hiyo mtu akisema Ruvuma ni mbali mi namuuliza tu, mbali kwa basi au mbali kwa maji? Kwa maji ni mto mmoja, na mto haupandi mlima.

Kwanza nieleweke, sipingi mgodi. Watu wa Namtumbo nao wanataka lami na zahanati kama sisi. Kiwanda cha majaribio kimezinduliwa Julai 2025, Rais mwenyewe alikuwepo, na hakuna aliyesema kuna tone la sumu limemwagika mtoni na mimi pia sisemi. Ninachosema ni kimoja na nitakirudia mpaka mchoke: pimeni tope la delta sasa hivi, mgodi ukiwa bado mdogo. Pimeni chaza, kaa, kamba, pimeni mpunga, pimeni hata damu na mkojo wa watu wachache watakaokubali, muandike namba na hizo namba zibandikwe kwenye ubao wa kijiji kwa Kiswahili. Basi.

Kwa nini nang'ang'ania sasa? Kwa sababu metali nzito sio kama mafuta ya meli. Mafuta yakimwagika unayaona yanang'aa juu ya maji, ndege wananasa, wapiga picha wanakuja, waziri anakuja na gambuti. Zebaki, risasi, kadimiamu, arseniki, urani, hizi zikishayeyuka kwenye maji hazina rangi wala harufu, na kubwa zaidi haziozi. Dawa nyingi za shambani baada ya muda zinavunjika zinaisha, risasi ni risasi, ikiingia leo mjukuu wangu ataikuta imekaa inamsubiri.

Na pa kukaa kwenyewe inachagua palepale tunapopatia riziki. Metali inapenda kushikana na tope laini, ile chembe ndogo kama unga. Mto unaibeba hiyo chembe safari yote, ikifika inapokutana na maji ya chumvi inagandana kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu, inazama, mizizi ya mikoko inaidaka. Ndo kazi ya delta hiyo, kukusanya kila kilichotoka juu. Wewe ukikanyaga tope la mkokoni mguu ukazama mpaka gotini ikatoka ile harufu ya yai viza, jua kule chini hakuna hewa, na ile salfa inayonuka ndo inayozifunga metali nyingi zikatulia humo kama wafungwa. Mkoko kumbe ni askari magereza wetu, hatumlipi mshahara na bado tunamkata boriti. Sasa kata mikoko, fungua shamba la mpunga, chimba bwawa la chumvi, hewa ikiingia chini wafungwa wanatoka. Zebaki tu ndo mjanja wa peke yake, yeye hukohuko gizani bakteria wanambadilisha anakuwa sumu kali zaidi, anapanda kutoka kwa mdudu kwenda kwa samaki mdogo, samaki mkubwa, papa, halafu sahani yako. Na zebaki haihitaji mgodi mkubwa, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaishika kwa mikono nchi nzima. Ukiongeza machimbo ya kinywe (grafaiti) ya Mahenge, ambayo nayo iko kwenye bonde hilihili la Rufiji, unaona kwamba huyu Mkuju ni mmoja tu kati ya wengi walioko juu yetu.

Chaza ndo shahidi mzuri kuliko wote. Hatembei, hana pa kukimbilia, anachuja maji kutwa kucha na kilichomo anakiweka mwilini. Wasomi wa chuo kikuu walishapima chaza wa mkondo wa Mzinga, hapa karibu na kwangu Mbagala, kwa hiyo ufundi tunao nyumbani, hatuhitaji mzungu aje na sanduku. Shida vipimo vya aina hiyo vinaishia kwenye majarida ya Kiingereza, na yule anayebandua chaza kwa panga kwenye mizizi ya mkaka hajawahi kuambiwa chochote.

Sasa nisikilize hapa maana ndo kiini cha barua. Kuna nchi jambo hili limeshatokea. Brazil, jimbo la Minas Gerais, tarehe 5 Novemba 2015, bwawa la kuhifadhia tope la mabaki ya mgodi wa chuma, linaitwa Fundão, lilipasuka karibu na mji wa Mariana. Mgodi wa kampuni ya Samarco, wenyewe ni Vale na BHP, sio wachimbaji wa mtaani hao, ni majitu ya dunia. Watu 19 walikufa, kijiji cha Bento Rodrigues kikafunikwa, halafu tope likaingia mto Doce na kuanza safari, zaidi ya kilomita 600, na baada ya wiki mbili na siku kadhaa likatokea baharini Atlantiki kwenye kijiji cha wavuvi kinaitwa Regência, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Februari 2016 mahakama ikapiga marufuku uvuvi pale mlangoni mwa mto. Mi naamini kabisa Regência nako kuna siku mtu kwenye daladala yao alisema mgodi uko Minas huko, sisi wa pwani unatuhusu nini.

Lakini kilichoniuma sio tope peke yake, ni ubishi uliofuata. Ile milima ya Minas Gerais imechimbwa dhahabu toka miaka ya 1700, na udongo wake wenyewe una chuma na manganizi kwa asili, kwa hiyo kila namba ikitoka, metali kwenye samaki, metali kwenye tope la mlangoni, swali linakuwa hilohilo, je hii imetoka kwenye bwawa au ilikuwepo toka enzi za mababu? Na anayeulizwa athibitishe ni mvuvi. Makubaliano makubwa ya fidia, bilioni 170 za reais, hela ya Brazil, yamesainiwa Oktoba 2024, na mahakama ya London ikasema BHP inawajibika Novemba 2025. Hesabu mwenyewe, miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa wiki tope linafika alishakuwa darasa la nne.

Kwa urani ubishi utakuwa mtamu zaidi, na hili nadhani watu wengi hawalijui. Maji ya bahari yenyewe yana urani. Ya asili kabisa, hakuna aliyeitia, kama mikrogramu 3 kwenye kila lita, popote utakapochota. Ni kidogo, Shirika la Afya Duniani linaruhusu mpaka 30 kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo msianze kuogopa kuogelea Coco Beach. Lakini fikiria siku moja miaka 15 ijayo mwanangu apeleke chupa ya maji ya delta maabara aambiwe humu kuna urani. Kampuni itamjibu kwa upole, tena bila kusema uongo hata kidogo, kijana, hata bahari ya Hindi yote ina urani. Atajibu nini? Atajibu tu kama ana karatasi inayosema mwaka fulani, mahali hapahapa, msimu huuhuu, ilikuwa kiasi hiki, na leo ni mara tano yake. Bila karatasi ile ya mwanzo ni mpiga kelele.

Wenzetu wa Owino Uhuru pale Mombasa walipata tabu ya risasi, sio ya mgodi, ilikuwa ya kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaingia rufaa na mizunguko yake. Wale walikuwa na namba za risasi kwenye damu za watoto wao. Lakini ni namba za baada ya kuumia. Mi nataka za kabla.

Kuna ndugu yangu mmoja tunabishana wasap kila jioni, yeye hoja yake ni bwawa. Anasema Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, liko katikati, kila tope litaishia humo, delta itakuwa salama. Hoja nzuri, sikatai, bwawa linakamata tope kweli na hiyo nayo ina kesi yake kwa sababu delta inaishi kwa tope, lakini tuyaache hayo. Kasoro ni kwamba urani kwenye maji yenye hewa hailazimiki kusafiri na tope, inayeyuka, inashikana na kaboneti iliyomo kwenye maji na inapita zake kwenye mitambo ya umeme kama abiria asiye na mzigo. Na ile itakayobaki na tope chini ya bwawa si bado iko nchini kwetu, na watu wanavua perege humohumo? Halafu Aprili 2024 tumeona wote, mvua zilivyozidi na maji ya bwawa yakafunguliwa, Rufiji na Kibiti tuliamka tukiwa ziwani, mashamba yameondoka. Mimi ile mafuriko ilinikuta kwetu, nimebeba godoro kichwani maji yako kiunoni. Tokea siku hiyo mtu akiniambia kilichoko juu kitabaki juu, namtazama tu.

Na mtu asiniambie mabwawa ya migodi hayapasuki Tanzania. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi Mwadui lilipasuka, tope likaingia kwenye mashamba na nyumba za watu. Nashukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Ila stori inayoninyima usingizi ni ya Japani, kwa sababu ya wali. Sisi delta tunalima mpunga kwenye maji ya mto, bahari inausukuma mto, mto unapanda mashambani, ndo mbinu ya wazee. Sasa Japani, mkoa wa Toyama, kuna mto Jinzu, juu yake kulikuwa na mgodi wa Kamioka wa zinki na risasi, mabaki yake yana kadimiamu, yalishuka na mto mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Watu wakala wali miaka na miaka, hakuna anayehisi kitu. Halafu akina mama, hasa waliokwishazaa na umri umeenda, wakaanza kuumwa mifupa, figo zimeharibika, mifupa imekuwa laini mpaka mtu akikohoa mbavu inavunjika. Ugonjwa hawakuupa jina la kisomi, waliuita itai-itai, maana yake inauma inauma, kwa sababu ndo kitu pekee wagonjwa walikuwa wanasema. Serikali ilikubali rasmi 1968 kwamba ni kadimiamu ya mgodi, wanakijiji wakashinda kesi kabisa 1972. Kusafisha udongo wa yale majaruba kulianza 1979 kukamalizika 2012. Shangazi yangu nilipomsimulia alinyamaza muda mrefu halafu akauliza, na huyo aliyekuwa anapika huo wali, alijilaumu? Sikuwa na jibu.

Lakini kuna kipande cha stori hiyo kizuri sana na ndicho ningependa wakubwa wasome mara mbili. Waliposhinda 1972 hawakuchukua hela wakaenda zao. Walisainisha kampuni kwamba wanakijiji wataingia mgodini kukagua na wataalamu wao wenyewe, gharama ni za kampuni, na toka hapo ukaguzi ukawa wa kila mwaka. Mkulima wa mpunga, na buti zake, anapita kwenye bomba za mgodi anauliza hii inaenda wapi. Mi naomba na sisi tufike hapo, ila bila kupitia kwenye mifupa kwanza.

Sasa kupima kwenyewe sio ajabu. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar, TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo, Mkemia Mkuu ana maabara, Tume ya Nguvu za Atomiki ndo wanaopima mionzi kwenye vyakula kila siku, bodi ya maji ya Bonde la Rufiji ipo. Tathmini za mazingira huwa zinafanyika, sheria ya 2004 inataka hivyo, lakini kwa kawaida macho yanakuwa mgodini na vijiji jirani, na mvuvi wa mamia ya kilomita huko chini hahesabiki kama jirani. Naomba tuhesabiwe. Wachukue tope kwenye milango mitatu minne ya mto, wachukue chaza na kaa wa palepale, masika na kiangazi, kusi na kaskazi, na nusu ya kila sampo ibaki kwenye friza na karatasi yake, ili siku za mbele vipimo vikiwa bora zaidi irudiwe kupimwa. Hela itoke kwenye mrabaha wa madini, hata kidogo tu, bei ya semina moja ya Morogoro inatosha kuanzia.

Najua kuna msomi atasema tulia, tope lina kumbukumbu, hata baadaye unaweza kuzamisha bomba ukachomoa tope refu ukasoma miaka tabaka kwa tabaka kama kurasa za daftari. Ni kweli wanafanya hivyo. Ila msomi huyo aje kwetu aone mashimo ya kaa. Kaa wa mkokoni kutwa kazi yake kupandisha tope la chini juu na la juu chini, hizo kurasa wameshazichana na kuzichanganya, na mto nao unahama, leo mlango uko hapa baada ya miaka uko kule. Na hata kama kurasa zingekuwa safi, tope halikumbuki kaa wa mwaka ule alikuwa na kiasi gani mwilini, wala damu ya shangazi yangu.

Kwa hiyo wataalamu karibuni. Boti ninayo, injini ya farasi 15, vijana wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani, wanajua kila mlango na kila fungu, chakula kitapikwa. Mje kwenye bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji yanapokupwa mpaka mwisho, mje na viatu vya kufunga sio ndala maana tope linazivua. Mkija maji mafu mtaona maji tu, chaza hamtawafikia, na tutakuwa tumechoma petroli bure.

Wenu,
Mchuuzi wa kamba, Mbagala